Ukoka wa Upande wa Jikoni

Zuhura mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi, na ukirudi utaniamkia tena, kwa hiyo hapa sizipotezei karatasi. Umemsindikiza shangazi yako Mwantumu kwake kule Kipawa, na mie nimekaa barazani, cherehani nimeifunika, naandika juu yake. Kucha zangu zimejaa udongo na nimeshachafua ukurasa. Usiulize, utajua huko mbele.

Mambo ya safari siyagusi. Baridi ya Mbinga, blanketi, dawa ya mafua, kiti cha dirishani kwenye basi, hayo baba yako amekuimbia wiki nzima mpaka na mie nimeyashika kwa kichwa. Mie nataka tuongee habari ya ukoka. Kwa mdomo siwezi, nitaanza kupiga kelele, unanijua. Kwa hiyo naandika, na barua nitaiweka juu ya begi lako uione kabla hujalala.

Najua ulichokiona asubuhi. Ulitoka na mswaki mdomoni, ukasimama upande wa jikoni, ukatazama. Nilikuwa nimeinama na fagio, nikajifanya sikuoni. Nikasubiri useme. Wallahi nilikuwa nimeshajiandaa, maneno yote yapo hapa kooni, ungetamka moja tu tungeamsha mtaa mzima. Wewe ukaingia ndani, ukatoka na kikombe cha chai, ukaniwekea kwenye ngazi. "Mama, chai yako itapoa." Basi, ukaenda zako.

Ile chai sikuinywa. Nilikaa nayo mpaka ikafanya ngozi juu. Ungenigombeza ningejua pa kusimama. Sasa wewe umeninyamazia, na tangu asubuhi kichwa changu hakikai sawa, nashika hiki naacha kile. Nimekata mkono wa gauni la mtu mfupi kuliko mwenzake. Ngoja nianze mwanzo, hata kama mengine unayajua. Nikiyaandika labda na mie nitayaelewa.

Mie nimelelewa na fagio. Bibi yako, mama yangu mzazi, hakuwa na imani na dawa wala na shule kama aliyokuwa nayo na uwanja. Alfajiri, jiko halijawashwa, tunatolewa nje na fagio za chelewa, tunainama, tunafagia tukirudi kinyumenyume ili nyayo zetu zisibaki, mpaka uwanja wote unalala na mistari yake mizuri. Jani moja likibaki anakuita kwa jina lako lote na la baba yako. Walipokuja kuniposa, shangazi yako Mwantumu ndiye aliyetangulia, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaupima uwanja wetu kwa macho. Sura yangu aliitazama baadaye. Siku pekee tuliyokuwa tunapumzika ni mtu akisafiri. Hapo fagio linafichwa, nyayo zake zinaachwa palepale mpaka ije habari kwamba kafika salama. Mie na dada zangu tulikuwa tunaombaga watu wasafiri.

Nawe nikakulea hivyo hivyo. Ulikuwa mdogo, fagio linakuzidi urefu, na unafagia upande wa jikoni kama mtu mzima. Taka tunazisukuma mpaka kule chini, tunazimwaga korongoni. Majani, mchanga, vyote kwa pamoja, nani alikuwa anatenganisha? Toangoma yetu hii ni mteremko mtupu. Kila kitu kinataka kushuka chenyewe, sie tulikuwa tunakisaidia tu.

Tulipohamia hapa, wewe ukiwa tumboni, baraza hii ilikuwa na ngazi moja. Naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa mzito, na bado nilikuwa naipanda bila kushika ukuta. Ulipoanza shule zikawa mbili. Ulipovunja ungo zikawa tatu. Mawe ya msingi yakaanza kuchungulia nje, na kona ya jikoni ikapiga ufa. Mie nikaona jambo moja tu, kwamba fundi Athumani katudhulumu, kachimba msingi mfupi. Nikamtangaza kuanzia gengeni mpaka kwa mjumbe. Siku moja akaja mwenyewe, akachuchumaa pale kwenye kona, akashikashika yale mawe. "Mama Zuhura," akasema, "haya mawe mimi niliyafukia. Sijui yametokaje."

Nikamwambia, "Yametoka kwa miguu?"

Watu wakacheka. Maskini fundi wa watu akachanganyikiwa, akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda kweli alikosea, akasema, labda siku ile alikuwa na haraka. Ile ngazi ya tatu alitujengea kwa saruji yake, na radhi akaomba. Aliomba radhi, Zuhura! Naye hajui, mie sijui, baba yako hajui. Tulikuwa na nyumba inayopanda juu mwaka hadi mwaka, na sote tunaitazama tu.

Ndiyo maana ulipokuja kusema mradi wako wa mwisho pale chuoni utakuwa wa hapa nyumbani, nilifurahi kweli kweli. Ulitueleza, mie na baba yako, tukiwa tunakula. Mmoja wa wenzako anachora mnara wa ofisi huko Mikocheni wenye miti kila sakafu. Mwingine anachora soko lenye bwawa katikati ili vyura wasihame. Mwingine shule yenye majani juu ya paa. Mwalimu wenu kawaambia jengo lisikae mahali kama mgeni asiyesalimia, lijuane na maji ya pale, na udongo, na wadudu, na miti iliyolitangulia. Baba yako akauliza, "Na mbu je?" Ukacheka. Mie yote hayo niliyaacha yapite, nikashika neno moja tu, nyumbani. Kesho yake jirani zangu wote walikuwa wanajua kwamba Zuhura anatuchorea ghorofa.

Ukaanza mambo yako. Ukanyoosha kamba kutoka ukutani hadi korongoni. Ukachimba shimo kwenye kona ya jikoni, ukaingia humo mchana kutwa, mpaka jirani akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ni mzima. Ukanionyesha pale kwenye ukuta ambapo rangi ya lipu inabadilika, ukaniuliza, "Mama, mwanzo ngazi zilikuwa ngapi?" Nikakwambia moja. Ukaandika. Nilidhani unahesabu ngazi za ghorofa langu.

Siku ya maonyesho ya kazi zenu nikavaa baibui jipya. Tukafika, nikaanza kulitafuta ghorofa langu. Nikaupita ule mnara wa miti, nikalipita soko la vyura, nikakuta watu wamejikusanya, na wewe umesimama mbele yao na kifimbo mkononi. Na ukutani ni nyumba yetu. Si ghorofa, ni nyumba yetu hii hii! Umeikata katikati kuanzia kwenye bati mpaka chini ya msingi, kama ninavyolikata gauni mimi, mpaka chungu changu cha jikoni kinaonekana. Chini umeichora ardhi inavyoteremka hadi korongoni. Na juu ya hiyo ardhi kuna mstari mwingine, wa nukta nukta, unagusa pale pale kwenye alama ya lipu, na umeandika: "Ardhi ilipokuwa siku niliyozaliwa." Chini ya huo mstari kuna mwanamke ameinama na fagio.

Mwalimu mmoja akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu," ukasema. "Nyumbani tulidhani nyumba inapanda. Nyumba haijapanda, ardhi ndiyo imeshuka. Fagio linaulegeza mchanga, maji ya bati yanaubeba. Tumeifagia ardhi yetu mpaka korongoni, kidogo kidogo, kila asubuhi."

Watu wakasema aah. Wengine wakapiga makofi. Baba yako naye akapiga, hajui hata anampigia nani. Mie nimesimama na baibui langu jipya, sijui nicheke, sijui nilie, sijui nitokee mlango gani. Ukaendelea na mchoro wa pili. Nyumba ile ile, na jiko limesogezwa kidogo, maji ya bati yanaanguka kwenye shimo la kokoto, na kuanzia hapo hadi korongoni ni majani, majani, majani. Vyura umewachora wakubwa kuliko jiko langu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo mbele ya walimu wako. "Samahani," nikasema, "sasa nyumba uliyojenga iko wapi? Au umesomea majani?" Watu wakacheka, na wewe ukakitazama kile kifimbo chako.

Tulipofika tu nyumbani nikakuwashia moto. Nilisema umenianika. Nilisema umewaonyesha wageni mama yako anabomoa nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Ukaniambia, nakumbuka neno kwa neno, "Mama, sijakuanika. Kwenye ule mchoro wote ni wewe peke yako unayeigusa ardhi kila siku. Ningeweza kuichora nyumba bila baba, bila mimi. Bila wewe nisingejua pa kuanzia." Na mie nikasema nini? Nikasema, "Punguza sauti, watu wanatusikia." Wakati aliyekuwa anapiga kelele ni mimi.

Mpaka leo sijui kama siku ile ulinisifu au ulinishtaki. Nimelizungusha hilo neno kichwani hadi nimechoka. Nikilala nakubali, nikiamka nakasirika. Ningekuwa namtesa mtu, sawa. Lakini mie nilikuwa nafagia! Nilifundishwa kwamba hiyo ndiyo heshima ya nyumba, nikaifanya kwa moyo wangu wote, na sasa naambiwa hiyo heshima ndiyo iliyoitoboa nyumba. Mtu anafanyaje na kitu kama hicho? Anamlaumu nani, marehemu mama yake?

Wewe ukaacha maneno, ukapanda. Kipande kile cha kutoka kwenye kona ya jikoni hadi korongoni, ukoka katikati, mchaichai pembeni, kokoto pale yanapoanguka maji ya bati. Ukapigilia misumari miwili kwenye msingi, sawasawa na udongo, mmoja upande wa ukoka wako, mwingine upande wa fagio langu. Ukasema tusubiri masika, hatutabishana tena. Nami nikawa nafagia kila siku hadi ukingoni mwa ukoka, nasimama hapo kama niko mpakani na nchi nyingine.

Sasa sikia hili, sijamwambia mtu, hata baba yako. Masika yalipokwisha nilikwenda kuitazama ile misumari. Ulikuwa chuoni. Msumari wa upande wangu ulikuwa umebaki juu, udongo umeukimbia, kidole kinapita chini yake. Wa upande wako nikautafuta nisiuone. Nikadhani umechomolewa. Nikapapasa, nikaukuta ndani ya mchanga. Ukoka ulikuwa umeukamata ule mchanga ukaulundika, msumari ukafunikwa, na hata mwanzo wa ule ufa ulikuwa umezama. Nilikaa pale chini muda mrefu na gauni langu safi. Nilijua, Zuhura. Nilijua umesema kweli. Na kesho yake alfajiri nikainama nikafagia kwingine kote kama kawaida.

Juzi ukaniuliza, "Mama, nikiondoka utakitunza kile kipande cha ukoka mpaka masika yapite? Ile kona haitavumilia mvua nyingine kama haina cha kuishika." Nikakwambia tutaona. Moyoni nilikuwa nasema ndiyo. Sasa hebu niambie wewe uliyesoma, mtu anayesema ndiyo moyoni anang'oaje?

Maana asubuhi niliamka na nia nzuri tu. Watu wanakuja kukuombea dua ya safari, nifagie, nipike, basi. Nikafagia mbele, nikafagia ubavuni, nikafika kwenye ukingo wako. Nikamwona kichwani mwangu wifi yangu Mwantumu anaingia, macho chini, kama siku ile ya posa. Nikasema nitapunguza kidogo hapa pembeni, kama kinyozi tu. Nikavuta shina moja. Na ukoka unavyojua kushikana mikono, likaja na la pili, likaja na jingine. Nilipoinua kichwa kipande chote kilikuwa kimelala chali, mizizi juu. Nikakikusanya haraka haraka, nikaenda kukitupa korongoni, huku natazama nyuma. Nikarudi kufagia udongo uliobaki, ndipo ukatokea na mswaki wako.

Mwantumu akaja kweli, na kweli akatazama chini. "Mashallah, wifi," akasema, "uwanja unang'aa. Hapa kweli pana binti." Maisha yangu yote nimelingoja neno hilo kutoka kwa yule mwanamke. Na wewe ulikuwa pale pale na sinia la vitumbua, ukatabasamu, ukasema, "Karibu shangazi." Nikaingia jikoni nikafunga mlango. Nililia mpaka nikauma kanga nisisikike. Wakati wa dua mliniona macho mekundu, mkadhani nalilia safari yako.

Labda nilikuwa nalilia safari yako. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa kabisa. Kwetu uwanja ukiota majani wapita njia wanapunguza mwendo. Wanaulizana, hawa wamehama? Wamefiwa? Binti wao yuko wapi? Mie nilidhani namwogopa Mwantumu, na Mwantumu mwenyewe siku hizi hata macho yake hayaoni vizuri. Nilikuwa naogopa kesho kutwa. Naogopa nitoke nje alfajiri nikute majani yamesimama upande wa jikoni, ulikokuwa ukifagia wewe, na wewe hupo. Kama uwanja ni mweupe na una mistari, mtu anaweza kusema Zuhura yumo ndani anaosha vyombo. Hata mimi naweza kujiambia hivyo. Nadhani ndiyo maana nilikung'olea ukoka wako. Nasema nadhani. Ndivyo ninavyoona sasa hivi nikiwa hapa barazani, kesho labda nitaona vingine.

Mlipoondoka tu nikachukua karai nikashuka korongoni. Kushuka si kazi, kupanda ndiyo nilimtaja kila mtume. Ukoka ulikuwa umeanza kusinyaa, mwingine umechanganyika na maganda ya mihogo ya jirani. Nikaokota shina kwa shina. Baba yako akanikuta nimepiga magoti kwenye kona ya jikoni, nachimba kwa upawa.

"We mama Zuhura," akasema, "asubuhi unang'oa, alasiri unapanda. Una akili wewe?"

"Sina," nikamwambia. "Lete maji."

Akaleta maji. Akasimama na ndoo, ananitazama. Baadaye akasema, "Huko Mbinga, Zuhura kaniambia, watu wanalima milimani kwa mashimo. Mlima mzima una mashimo, mvua inaingia humo inatulia, udongo haushuki. Wameanza zamani sana, hakuna aliyewachorea." Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Ulikuwa hutaki kusikia neno udongo humu ndani." Na kweli nilikuwa sitaki. Kwa hiyo hata huko unakokwenda, na hilo bweni la wasichana mnalokwenda kujenga mlimani, nimelijua leo, kwa baba yako, nikiwa nimepiga magoti. Ningekuuliza wewe mwenyewe ungenichorea na picha.

Sina mengi ya kukuusia, maana unaona mwenyewe nilivyo. Ila ukifika huko ukamkuta mwanamke anafagia, usimwambie siku ya kwanza kwamba anakosea. Muulize nani alimfundisha kufagia. Mwache azungumze mpaka achoke, huenda akamtaja mtu aliyekwisha kufa ambaye anampenda. Ya udongo yaje baadaye. Na ukimchora mtu, mwonyeshe kwanza, yeye peke yake, kabla hujambandika ukutani. Mie ungenionyesha ule mchoro hapa barazani, pengine ningelia tu na kukupikia. Pengine. Pengine pia ningeuchana, sitaki nikudanganye.

Fundi Athumani sijui nimwambieje. Nasikia amehamia Mkuranga. Baba yako anasema ya zamani tuyaache, na mara nyingi baba yako yuko sahihi kwa kuwa ni mvivu. Lakini nadhani nitakwenda. Ule mchoro wako uliokatwa nitaukunja niubebe, nimwonyeshe mstari wa nukta na mawe yake yalivyokuwa yamefukiwa vizuri. Nimwache autazame, na mie safari hii nikae kimya.

Kazi yako bado siielewi vizuri, nakwambia ukweli. Nikiulizwa mwanangu anajenga nini nitababaika tu, nitasema anajenga nyumba na kinachoizunguka, na wakiuliza kinachoizunguka kinajengwaje nitasema nendeni Mbinga mkamuulize. Nimewahi kukuuliza nyumba iko wapi, mbele ya walimu wako. Leo nilipokuwa nimeushika ule ukoka mkononi, na mchanga wa uwanja wangu umening'inia kwenye mizizi, nikaona kwamba labda hiyo nyumba nilikuwa nimeishika. Sijui. Usinicheke.

Basi sikiliza ombi langu, ndilo lililonifanya niandike yote haya. Ukoka nimeurudisha. Sijui kama nimeuweka wima au kichwa chini, mwingine umekauka, mwingine nimeufunga na mchaichai kwa uzi wa cherehani ili usianguke. Lakini upo, kuanzia kwenye kona hadi korongoni. Baba yako alitaka aukanyage ushike, nikamfukuza na ndoo yake. Nilikuona siku ile ulivyoupanda, nilikuwa dirishani. Ulivua viatu, ukapita juu yake polepole, unabonyeza kwa kisigino, unasema peke yako kwamba usipokanyagwa haushiki.

Kwa hiyo kesho alfajiri usitokee mlango wa mbele. Baba yako atatangulia na begi barabarani. Wewe tokea jikoni, vua viatu, upite juu ya ukoka kutoka mwanzo hadi mwisho, ukanyage vizuri, usiniogope. Udongo nimeumwagia maji, nyayo zako zitakaa.

Na nyayo za msafiri hazifagiliwi mpaka ije habari kwamba kafika. Najua utapiga simu. Utasema, mama nimefika. Mie nitamwambia baba yako mtandao ulikuwa mbaya, sikusikia kitu. Masika yatakuja, majani yatasimama, wapita njia watapunguza mwendo. Na Mwantumu akija akaniuliza, wifi, mbona upande ule haufagiliwi, nitamwambia Zuhura bado yuko njiani.

Mama yako